Mwalimu Felistas Opondo: Kiingereza, Kicheko na Ruhusa ya Kutoka

Baada ya miaka thelathini na sita ya kushika chaki, Mwalimu Felistas Opondo anastaafu tarehe 18 Julai 2025, siku anayotimiza umri wa miaka sitini. Idara ya Lugha imenipa mimi, Nikolaus Waitara, niliyekaa naye meza moja muda mrefu, kazi ya kuandika wasifu wake. Mwenyewe ameniomba nisiandike sifa tupu. Nitamtii, kama kawaida.

Alizaliwa karibu na Sirari katika familia ya Kijaluo, nusu ya ukoo wake ikiwa ng'ambo ya mpaka, na Kiingereza alikipata mapema kwa binamu zake wa Kenya. Kiswahili chake nacho kina harufu ya huko. Akikasirika, walimu wa Kiswahili hujifanya hawasikii. Alianza kufundisha shule za msingi hapa Tarime, akajiendeleza, na shule za kata zilipofunguliwa akapelekwa sekondari wilayani Serengeti. Huko vijana wa upande wa Kisaka walimwambia waziwazi kwamba Kiingereza ni cha watalii, ng'ombe wao hawakihitaji. Alipohamia karibu na Genkuru, jirani na mgodi wa dhahabu, akakuta wengine wanaotaka maneno ya mgodini tu, mengine abaki nayo. Hapa Bomani, mjini Tarime, amekuta watoto wa madukani waliookota vipande vya Kiingereza mpakani na kujiona wamehitimu. Wote hao, anasema, walikitaka sana Kiingereza, ila hawakutaka kusema. Walichoogopa ni kuchekwa.

Hilo hakulijua bure. Mwaka 2008, katika shule ile ya Serengeti, kulikuwa na sheria ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeipendekeza: darasani halisikilizwi neno lolote lisilo la Kiingereza, hata kama ni kuomba ruhusa ya kutoka. Watoto wa kidato cha kwanza walikuwa ndio kwanza wametoka shule za msingi, walikosoma kila kitu kwa Kiswahili, na nyumbani ni Kikurya, Kinata au Kiikoma. Asubuhi moja mwezi Machi, msichana aitwaye Mokami alinyoosha mkono, akasimama, akasema kwa Kiswahili kwamba tumbo linamuuma. Mwalimu Felistas akamtaka aseme kwa Kiingereza. Mokami akajaribu, maneno yakamkwama, darasa zima likacheka. Akaketi, na kutwa nzima hakunyoosha mkono tena. Kengele ya kwenda nyumbani ilipogongwa hakuweza kuinuka. Walimkimbiza hospitali kwa pikipiki, lakini kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka. Alifariki siku iliyofuata.

Mama yake alipokuja shuleni kuchukua begi, hakupiga kelele. Alimuuliza Mwalimu Felistas swali moja kwa Kikurya, mwalimu mmoja akalitafsiri: "Mwanangu alikuomba kwa lugha gani hata usimsikie?"

 

Sisi tuliomfahamu baadaye tulimfahamu mtu mwingine. Alijifunza Kikurya cha maumivu: kichwa, tumbo, kizunguzungu, damu. Walimu wake walikuwa akina mama wauza ndizi sokoni, waliomcheka mpaka wakajifuta machozi, naye akakwepa meza zao kwa majuma kadhaa kabla ya kupata ujasiri wa kurudi. Katika darasa lake kukosea hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kucheka, na mchekaji alipelekwa mbele kuzungumza Kiingereza peke yake mpaka aambiwe inatosha. Matiko, mwalimu wetu wa Jiografia, ni zao la adhabu hiyo, na mpaka leo hajui kuongea kwa kifupi.

Kuhusu matokeo tusidanganyane. Wengi wa wanafunzi wake wamefeli Kiingereza, kama wanavyofeli wa kwetu sote. Wanakariri majibu wasiyojua yanasema nini, kisha wanaondoka wakiamini kwamba hawana akili. Limemuumiza hilo, na linatuumiza. Lakini tangu Mokami hajatokea mtoto aliyeogopa kumwambia anaumwa.

Sasa, kwa sababu ya matokeo hayohayo, uongozi wa shule umetangaza kwamba kuanzia Januari Kiingereza pekee ndicho kitakachosikilizwa darasani, ruhusa ya kutoka ikiwemo. Tangazo lilikuwa bado bichi kamati ya sherehe ilipomfuata Mwalimu Felistas kumuuliza angependa aagwe kwa zawadi gani. Akasema, "Mtoto anayeumwa asikilizwe kwa lugha yoyote aliyo nayo. Niageni kwa hilo, mengine sitaki." Suala likapelekwa kwenye kikao cha walimu. Tulilijadili hadi chai ikapoa. Baadhi wakahofia kwamba wategaji watapata mwanya, wengine wakatazama saa, na mwishowe ikaamuliwa kwamba litafikiriwa.

Mwalimu Felistas, asante kwa ukali wako, kwa utani wako, na kwa kila mtoto uliyemruhusu kutoka darasani bila kumuuliza mara mbili. Tunakuombea afya, mvua ya kutosha shambani kwako, na usingizi usiokatika. Leo mbele ya wageni utakabidhiwa friji, vitenge na ng'ombe wa maziwa, nasi tutapiga makofi. Ulichokiomba hatukukupa.