Redio Iliyojua Ilipo

Mchungaji, majirani wa Tolliver, wenzake wa klabu ya redio na nyote mliokuja kumsindikiza, familia imemwachia mdogo wa marehemu, Wendell, aandike maisha ya kaka yake na kuwasomea, naye atasoma kama alivyoandika.

Marehemu Verlin Otis Kessinger alizaliwa tarehe 18 Januari 1951 katika kaunti hii ya Tolliver, Indiana, mtoto wa kwanza kati ya wawili, akasoma hapa hapa hadi akamaliza sekondari mwaka 1969, na mwaka uliofuata akaajiriwa kuwa fundi wa nguzo za umeme, kazi aliyoifanya miaka arobaini na moja bila kuanguka hata mara moja. Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na Darlene Pruitt, wakajaliwa binti mmoja, Marcy, ambaye amekaa hapa mbele.

Mapenzi yake mengine yalikuwa redio za kunasa mawasiliano ya polisi, zimamoto na magari ya wagonjwa. Wenye mapenzi hayo mnajua adha yake, ukivuka mpaka wa kaunti masafa yote ni mengine, usimame kando ya barabara uanze kuyaingiza upya moja moja, kwa hiyo alichokililia Verlin miaka yote ni redio inayojua ilipo, iache yenyewe ya nyuma na kushika ya mbele. "Mbwa wangu anajua yuko wapi," alikuwa akisema, "redio ya bei yote hii inashindwa nini?"

Siku alipotimiza miaka 69, Jumamosi tarehe 18 Januari 2020, Marcy alimletea redio hiyo. Kifaa chake cha setilaiti kilikuwa bado posta, ikabidi mahali ilipo paingizwe kwa mkono, kwa namba za latitudo na longitudo, na kwa kuwa macho ya Verlin yalikuwa yameanza kufifia, alisema, "Dogo, njoo uniandikie, usije ukanipeleka Kentucky," na Wendell akaandika.

Kesho yake mchana barabara iliganda, gari la Darlene likaserereka kwenye daraja la Mill Fork, maili mbili kutoka nyumbani, akabanwa ndani kwa dakika hamsini akiwa na fahamu zake, akimuulizia mumewe. Arlo Stamper wa klabu alisikia kwenye redio yake akafika, Bi. Twila wa kanisani alisikia akafika, na hakuna aliyempigia Verlin simu, nani ampigie simu mtu anayeshinda na redio, wote walijua yuko njiani. Verlin alikuwa jikoni, redio imewashwa, iko kimya, akimwambia Marcy kwenye simu, "Leo watu wametulia kweli." Darlene alifariki saa tisa na dakika kumi.

Jumanne, watu wakila sebuleni, Wendell aliikagua ile redio, akaona namba ya longitudo aliyoiandika haina alama ya kutoa ambayo sisi wa huku, magharibi ya Greenwich, lazima tuiweke, redio ilikuwa inaamini iko China. Akaiweka, nayo ikaanza kuongea. Verlin alikuja akasimama mlangoni, akasema, "Kumbe nzima." Tangu hapo aliamini ni masikio yake yaliyokosa kusikia Jumapili ile, na Wendell hakumwambia neno.

Kuanzia mwaka 2021 alipimwa masikio mara nne, akiendeshwa na Wendell, saa moja na nusu kwenda na vivyo hivyo kurudi, akanunua vifaa vya kusikia ambavyo daktari alimwambia havihitaji. Baadaye moyo ulianza kushindwa kazi, akalazwa tarehe 26 Februari 2024, na Alhamisi tarehe 7 Machi, saa nne asubuhi, akafariki akiwa amevivaa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani kwa vyakula, mafundi wa umeme waliobeba jeneza, na Arlo aliyemshika Darlene mkono. Inamshukuru pia daktari wa masikio, aliyesema mara nne kwamba hayana kasoro. Marcy, nisamehe, nilitaka kukuonyesha karatasi hii asubuhi, nikashindwa.

Pumzika, kaka. Ulikuwa unasikia vizuri.