Ini la Mfukoni

Muuguzi alikuwa amefumba macho kwenye treni, lakini masikio hayana kope. Nyuma yake, mlinzi wa ghala, mbwa wake kamlalia miguuni, alikuwa akimpa mama mshonaji siri ya kazi.

"Akibweka tu, nampa kipande cha ini. Ananyamaza papo hapo!"

"Mwanangu, hapo unamlipa kwa kelele! Ngoja anyamaze mwenyewe, ndipo umpe."

"Nikingoja si atabweka mpaka kesho? Na msimamizi kashasema, kelele moja tena, mimi na mbwa sote nje."

"Mpe akinyamaza, hata kama ni kwa pumzi mbili tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Kwani mama umewahi kufuga mbwa?"

"Nimelea watoto saba."

Muuguzi akaziba mdomo kwa mtandio. Kwa hoja hiyo, hata daktari wao mkuu angesalimu amri.

Mlinzi hakusalimu amri. "Huyu anajua bwana wake ni nani!"

Breki zikalia, treni ikasimama. Mbwa akabweka mara moja tu, kwa adabu zake. Mkono wa mlinzi ulikuwa umeshazama mfukoni.

"Hongera," mama akasema akishuka. "Mmoja wenu kafundishika vizuri sana."