Bushira, Mikrobe na Barabara ya Misisi

Mheshimiwa Administrateur wa Teritwari, Bwana Mkurugenzi wa chuo, shehe wetu, mapadri na wachungaji, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi bamama wa soko la Baraka mliofunga meza zenu kwa ajili yetu: nawasalimu wote.

Mimi ni Useni, mwenye mitumbwi, baba yake Bushira aliyemaliza masomo leo. Nimeombwa kusema kwa niaba ya wazazi.

Mnajua kwa nini nyumba yangu inanuka ndagala, visamaki hivi vya ziwa letu? Nilituma neno kule ziwani Kazimia, kwa dada yangu Asha, alete ndagala za sherehe. Kila mtumbwi ulilibeba neno lile lile kama jipya, na Asha, jinsi alivyo mtiifu, akaleta gunia juu ya gunia. Bushira alicheka hadi akakaa chini. "Papa, ata mikrobe haiwezi kufanya hivi!"

Kisha akanieleza alichosomea. Ndani ya bakteria, ndiyo hiyo mikrobe yake, jeni ikitaka kitu kipikwe, tuseme vitamini, hutoa ujumbe. Kichwani mwa ujumbe huo kuna kipande kinachojikunja. Wao wanakiita ribosiwichi. Vitamini ikishatosha, inakuja kukaa ndani ya mkunjo ule, ujumbe unabadilika umbo, na kupika kunakoma. Nikamwuliza, nani basi anayetoa amri ya kuacha? "Hakuna mukubwa, Papa. Ujumbe wenyewe unagusa, unajua." Sasa wataalamu wanatafuta dawa itakayojifanya ile vitamini, ili bakteria idhani imeshiba ilhali ina njaa.

Na kwa ajili hiyo Bushira anataka kwenda Misisi, kuchukua sampuli za wagonjwa kule kwenye machimbo ya dhahabu. Ndugu zangu, barabara ile hamuijui? Habari zake za watu wenye bunduki hamzisikii? Nani kati yenu angempandisha binti yake kwenye pikipiki ile, kisha akapata usingizi? Mama yake hali vizuri tangu Idi. Mimi naogopa, tena naogopa sana, na nilikuja hapa kumkatalia mbele yenu, ili asiweze kunibishia.

Lakini mtazameni alivyokaa. Rafiki yake Ketsia alikufa kwa kipindupindu mikononi mwake, wakati mimi nilikuwa ziwani. Ameyagusa haya. Mimi ni mkubwa tu.

Nawashukuru waalimu wake. Ndagala zipo, kila mmoja aondoke na fungu lake, nawasihi.

Bushira, nenda. Ukifika, piga simu. Usipopiga, nitapanda pikipiki mimi mwenyewe.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu. Sasa mtu anishike mkono, nishuke.