Mzee Mnuno na Taa Iliyokataa Kuzimika

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na moja ya kulala chali chini ya magari ya hospitali yetu, fundi mkuu wa karakana anastaafu. Wote tunamwita Mzee Mnuno, naye huitika. Mimi ndiye ninayepanga safari za magari hapa, kwa hiyo nimenuniwa kuliko mfanyakazi mwingine yeyote. Nadhani ndiyo sababu kamati ya sherehe imenitwisha kazi hii ya kumwandika.

Alianza kazi akibadilisha matairi, akapanda hadi ufundi mkuu bila kupunguza ukali hata kidogo. Ndiye aliyeng'ang'ania karakana iezekwe paa, tuache kufungua injini kwenye mvua. Ndiye pia aliyemkuta dereva mmoja amebandika plasta ya vidonda juu ya taa ya onyo ili isimsumbue macho. Aliibandua taratibu, akambandika nayo dereva mwenyewe kwenye paji la uso. "Haya, na wewe umepona," akamwambia.

Lakini ukitaka kumjua vizuri, sikiliza habari ya gari jipya la wagonjwa. Tuliliita jipya kwa sababu lile la zamani halikuwa likipanda mlima hata kwa kubembelezwa.

Jipya hilo likaanza kutetemeka. Likifika kwenye makutano ya barabara, injini inakohoa, vioo vinagongana, na ile taa ya njano ya injini inawaka kwenye dashibodi. Mzee Mnuno akachomeka mashine ya kupimia, nayo ikasema silinda ya tatu haichomi vizuri. Akabadilisha plagi. Taa ikazimika, tukapiga makofi, kesho yake ikawaka. Akaihamisha koili ya kuwashia moto ya silinda ya tatu, akaiweka kwenye ya kwanza, aone kama ugonjwa utahama nayo. Haukuhama. Akasafisha njia za mafuta, akabadilisha chujio, akabadilisha hata pampu. Taa inazimika, taa inawaka. Kila asubuhi nilisimama mlangoni kuuliza kama gari limepona, naye kila asubuhi alinijibu kwa mgongo. Nilichoka. Alichoka. Nadhani na gari lilichoka.

Kisha likatuzimikia njiani, likiwa limembeba mama mwenye uchungu. Mkunga wetu alimpokea mtoto humo humo, kando ya barabara, huku dada anayeliendesha, tunayemwita dada dereva, amekinga mlango kwa shuka. Mama na mtoto walitoka salama. Mkunga aliporudi hakwenda hata kunawa. Alinyoosha moja kwa moja karakana.

"Mzee, leo Mungu katusitiri. Siku nyingine utakuja kuzalisha wewe?"

Uongozi ukaamua gari liegeshwe, livuliwe vipuri. Mzee Mnuno akaomba aachiwe hadi mwisho wa wiki.

Ndipo alipofanya jambo ambalo sote tulipaswa kulifanya mwanzoni. Alimwita dada dereva.

"Hebu niambie, linatetemeka zaidi ukifanya nini?"

"Nikikanyaga breki," dada akajibu. "Si unajua? Mbona kila mtu anajua!"

Mzee alifumba macho kama mtu aliyekanyagwa kidole chenye kidonda. Muda wote ule alikuwa akiihoji mashine, dereva hakumhoji.

Injini ya gari lile iko chini ya viti vya mbele. Basi akapanda nyuma, akajilaza kwenye machela, kichwa mbele, akamwambia dada aendeshe taratibu uani na kufunga breki kila hatua chache. Mtu mmoja akachungulia dirishani, akamwona Mzee amenyooka kwenye machela, akatimua mbio hadi chumba cha kufulia, anakofanya kazi mke wa Mzee. Mama wa watu akaja peku, povu hadi viwikoni, akafungua mlango, akamkuta mumewe amefumba macho. Akapiga yowe.

"Nyamaza, mama," Mzee akasema bila kufumbua. "Nasikiliza."

Aliyojibiwa hayaandikiki kwenye jarida la wafanyakazi. Alipopata nafasi ya kupumua katikati ya maneno yale, Mzee akaomba maji ya sabuni. Mkewe akayaleta, na sote tukarudi nyuma, tukijua anammwagia. Hakummwagia. Alimshikia ndoo, akiendelea kumsema.

Wakainua kiti, injini ikiunguruma na kutetemeka. Mzee akawa anadondosha povu juu ya mipira ya kupitishia hewa, mmoja baada ya mwingine. Alipofika kwenye ule unaokwenda kwenye breki, jirani kabisa na silinda ya tatu, povu likafyonzwa ndani, likaziba, na injini ikatulia ghafla. Hata mkewe akaweka ndoo chini, akainama achungulie. Chini ya mpira, upande usioonekana, palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, unaoingiza hewa kwenye silinda ya tatu kila breki inapokanyagwa.

Mpira mpya ukafungwa. Mkunga akapanda mbele bila kualikwa, mikono kifuani, gari likapelekwa mlimani, likafungwa breki katikati ya mwinuko. Injini ikabaki inanguruma kwa upole, dashibodi giza. Waliporudi, mkunga alishuka na kusema neno moja tu: "Haya." Wanaomjua mkunga wetu wanafahamu kwamba hiyo ni shahada.

Tangu siku hiyo hakuna gari linalofunguliwa karakana kabla dereva hajahojiwa. Madereva wananung'unika kwamba maswali ni mengi mno. Yanabaki palepale.

Tunamshukuru mama, kwa kutuazima mume wake miaka yote hii na kumpokea nyumbani akiwa amepakaa grisi hadi masikioni. Nawe Mzee wetu, ahsante kwa kila aliyefika wodini kwa wakati bila kujua jina lako. Uwe na afya na usingizi mnono. Na gari lolote likipita nje ya nyumba yako likikohoa, tafadhali, kaa ukumbini ulipo. Liache lipite.