Mwalimu Ndunge, Mtabiri wa Nusu Fainali

Wasikilizaji wapendwa, leo ni Ijumaa, na kesho saa tisa alasiri ni nusu fainali ya soka ya vyuo vya Kitui na Makueni. Kwa miaka kumi na miwili, Ijumaa kama hii ilikuwa ya mtu mmoja. Mlikuwa mnafungua redio kumsikiliza yeye, si mimi. Aliketi hapa kulia kwangu, akafungua daftari lake, akawaambia nani atashinda na kwa nini.

Huyo ni Mwalimu Ndunge Nyamai wa Matinyani. Mwalimu Ndunge amefariki. Alifariki Alhamisi ya wiki jana, akiwa na miaka hamsini na minne. Narudia kwa ambaye amefungua redio sasa hivi: Mwalimu Ndunge Nyamai, mtabiri wetu wa nusu fainali, ametutoka.

Mimi ni Mbaluka, mnanijua. Leo nitawaeleza maisha yake, na nitawaeleza pia nilichomfanyia. Hayo mawili siwezi kuyatenganisha.

Ndunge alizaliwa Tulia, mtoto wa tatu wa mkulima. Alisomea ualimu, na chuoni alikuwa kipa. Kidole chake kidogo cha mkono wa kushoto kilivunjika akizuia penalti, kikapona kikiwa kimepinda. Mtu akikiangalia sana, alikuwa anasema, "Mpira niliudaka lakini." Aliolewa Matinyani, akafundisha shule ya msingi huko maisha yake yote. Mumewe alifariki mapema. Walikuwa na mtoto mmoja, Wayua.

Alikuja kwetu kwa hasira. Nilikuwa nimetabiri nusu fainali, nikakosea mechi zote mbili. Jumatatu mama mmoja aliyevaa sweta ya kijani akasimama pale mapokezi, akasema anamtaka huyo mtangazaji anayebahatisha. Nikatoka. Akaniuliza, "Wewe ulienda kuwaona wakifanya mazoezi?"

Nikasema sikuenda.

"Basi ulikuwa unatuambia nini?"

Mwaka uliofuata nikamwita studio. Akatabiri mechi zote mbili, na zote mbili zikawa hivyo.

Hakuwa na uchawi wowote, wasikilizaji. Alikuwa na miguu na macho. Wiki ya nusu fainali alikuwa anaomba ruhusa shuleni, anaenda kila chuo, anakaa kwenye nyasi kuanzia mazoezi yanapoanza mpaka yanapoisha. Siku moja nilimfuata, nikamwuliza anatazama nini. Akaniambia, "Mwenye mpira anatazamwa na kila mtu. Mimi natazama huyo mwingine."

Mnakumbuka ile mechi ya jua? Chuo cha Ualimu cha Mulutuni kilikuwa kinacheza na Chuo cha Kilimo cha Itumbule. Itumbule walikuwa na timu kali, kila mtu aliwapa ushindi. Ndunge akakataa. Alisema kipa wa Itumbule ana macho mabovu kwenye mwanga, na baada ya saa kumi jua litakuwa linampiga usoni. "Mulutuni wapige mipira ya juu kipindi cha pili," alisema. "Watafunga mara mbili." Walifunga mara mbili. Kipa yule alikuwa ameweka mkono kwenye paji la uso kama mtu anayetafuta mbuzi mlimani.

Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya kwa miaka kumi na miwili. Watu walimpenda. Sokoni Matinyani akinunua nyanya, alikuwa anaongezewa moja.

Sasa nifike mwaka juzi.

Mwaka juzi nusu fainali moja ilikuwa Mulutuni dhidi ya Chuo cha Ufundi cha Kavindu, kule upande wa Makueni. Kavindu walikuwa na kiungo wa kati anaitwa Kisilu Nzomo. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mtoto wa Ikutha, mwanafunzi wa umeme. Timu yote ilikuwa inamzunguka yeye.

Jumatano ya wiki hiyo Mwalimu Ndunge alienda Kavindu kutazama mazoezi. Akaona Kisilu ameinama, mkono chini ya titi la kushoto. Akaona tena. Mara ya tatu Kisilu akaenda nyuma ya goli akakaa, na midomo yake ilikuwa ya kijivu. Ndunge akainuka, akamfuata.

"Mwanangu, unaumwa?"

"Niko sawa, mwalimu. Ni kifua tu, ni baridi."

Jua lilikuwa kali siku hiyo. Ndunge akaenda kwa kocha, akamwambia huyu kijana apelekwe hospitali. Kocha akamwangalia, akamwuliza, "Mama, umetumwa na Mulutuni?"

Ijumaa akaja hapa studio. Hakuniambia chochote kabla. Taa ya hewani ilipowaka akasema maneno haya, na ninayo kwenye rekodi: "Kavindu watashinda moja bila. Lakini naomba kocha asimchezeshe Kisilu Nzomo. Ana shida ya kifua, nimeiona kwa macho yangu. Apimwe kwanza. Mechi zingine zitakuja."

Simu zikaanza kulia kabla hajafunga daftari. Mashabiki walisema amehongwa. Mkubwa mmoja kutoka Kavindu akapiga kwa mkubwa wetu, akasema tumeharibu jina la kijana na tutapelekwa mahakamani. Mkubwa wetu akaniita. Akataka tuombe msamaha hewani Jumamosi saa mbili asubuhi, kabla ya mechi.

Msamaha nikauandika mimi. Jumamosi Mwalimu Ndunge akafika saa moja na nusu. Nikampa karatasi asome. Akaisoma kimya kimya, akanirudishia.

"Hii ni uongo, Mbaluka."

"Mwalimu, ni maneno tu. Usome, yaishe."

"Mimi siwezi kusoma hii."

Salama, fundi wetu wa mitambo, aliondoa vipokea sauti masikioni, akaniambia, "Mbaluka, huyu mama hajawahi kutudanganya hata siku moja." Nikamwambia Salama afungue maikrofoni. Nikausoma mimi mwenyewe. Nilisema kwamba maneno ya Mwalimu Ndunge kuhusu afya ya mchezaji wa Kavindu hayakuwa na msingi wowote. Nilisema hivyo. Hayakuwa na msingi wowote.

Nilipotoka nikamkuta kwenye benchi la nje. Hakunigombeza. Aliniuliza tu kama kuna gari linaloenda uwanjani, kwa sababu anataka kuwahi.

Kisilu alianza mechi. Alicheza vizuri sana. Dakika ya hamsini na nane alitoa pasi, Kavindu wakapata bao. Dakika ya sitini na tatu alikuwa anatembea katikati ya uwanja, mpira uko mbali naye, hakuna mtu aliyemgusa. Akaanguka kifudifudi.

Mimi nilikuwa natangaza. Mwanzoni nilisema anapoteza muda. Hiyo nayo iko kwenye rekodi.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa Ndunge. Alikimbia na viatu vyake vya kanisani, akamgeuza, akaanza kumkandamiza kifua. Watu wakamvuta. Walikuwa wanapiga kelele kwamba ndiye aliyemtabiria mabaya, kwamba asimguse. Wakamburuta mpaka nje ya mstari. Hapakuwa na ambulensi. Kisilu akawekwa nyuma ya pikapu ya chuo, akafia njiani.

Na mechi iliendelea, wasikilizaji. Baada ya dakika ishirini refa akapuliza kipenga, wakaendelea. Kavindu wakashinda moja bila.

Daktari alisema baadaye kwamba kijana alikuwa na ugonjwa wa moyo tangu utotoni, na hakuna aliyejua. Lakini wengi hawakumsikiliza daktari. Walijiuliza Ndunge alijuaje. Mwanamke anasema Ijumaa, mtoto wa watu anakufa Jumamosi. Maneno yakatoka Kavindu, yakavuka mpaka Kitui, yakafika Matinyani. Kikundi cha maombi kilichokuwa kinakutana kwake kila Jumatano kikahamia nyumba nyingine. Wazazi wawili wakaomba watoto wao watolewe kwenye darasa lake.

Nilikuwa na maikrofoni hii kila siku. Ningeweza kusema ukweli kwa dakika moja. Sikusema. Niliogopa kazi yangu, na nilijua nikimtetea itabidi niseme ni nani aliyeandika ule msamaha.

Wiki sita baada ya mazishi ya Kisilu, Mwalimu Ndunge alisafiri mpaka Ikutha, kwa mama yake Kisilu. Jina lake ni Syokau. Jumatatu wiki hii nilienda kumwona, naye akakubali niyaseme maneno yake.

"Alikuja asubuhi," Syokau aliniambia. "Nilikuwa nimesikia yale watu wanasema. Nikamwambia usiingie kwangu. Hakubishana. Akakaa chini huko nje, karibu na zizi. Saa sita nikaona bado yuko kwa jua, nikampelekea maji. Nikamwuliza, unataka nini kwangu? Akasema hataki kitu, amekuja kusema pole. Sasa mimi nikamwuliza, mtoto wangu alikuwa anacheza aje? Kwa sababu mimi sikuwahi kumwona. Nilikuwa na mbuzi, na Makueni ni mbali."

Ndunge akamweleza. Alimweleza jinsi Kisilu alivyokuwa anageuza kichwa kabla mpira haujamfikia. Alimweleza ile pasi ya bao. Aliongea mpaka mbuzi wakarudi.

Syokau akaniambia tena, "Ni yeye peke yake aliyeona mtoto wangu ni mgonjwa. Hata mimi niliyemzaa sikuona. Nikamwambia alale kwangu, asubuhi ndiyo aende."

Tangu siku hiyo alikuwa anaenda Ikutha kila likizo.

Mwaka jana mwezi wa pili, Mwalimu Ndunge aliandika barua. Aliviandikia vyuo vyote vinavyocheza, akiomba wachezaji wapimwe moyo kabla ya mashindano. Hakuna chuo kilichojibu. Barua nyingine ilikuja kwangu. Aliomba dakika tano hewani. Mimi pia sikujibu. Niliitia kwenye droo ya meza, na nusu fainali ya mwaka jana nikatabiri mwenyewe.

Alhamisi ya wiki jana, akiwa ubaoni mbele ya darasa la tano, Mwalimu Ndunge alishika kichwa, akakaa chini. Ilikuwa presha. Hakufika hospitali. Wayua, binti yake, anayemwita mama yake Mwaitu, aliniambia hivi kwa simu: "Mwaitu alikuwa mgonjwa tangu ile mechi. Alikuwa halali vizuri. Lakini mama yangu hakukuchukia, Mbaluka. Mimi ndiye nilikuchukia."

Wayua, nimekusikia. Una haki.

Leo natoa zile dakika tano. Kwanza, ule msamaha niliousoma mwaka juzi ulikuwa uongo. Mwalimu Ndunge alisema kweli, akaisema mapema, na kijana angeweza kupona. Pili, nasoma barua yake kama alivyoiandika.

"Mbaluka, salamu. Sitaki kutabiri tena. Nataka kuwauliza makocha jambo moja mbele ya wasikilizaji. Mchezaji akikwambia yuko sawa, wewe unamwamini kwa sababu yuko sawa, au kwa sababu una mechi Jumamosi? Ni hayo tu. Hata dakika mbili zinatosha. Ndunge."

Ni hiyo tu, wasikilizaji wapendwa. Nimechukua zaidi ya mwaka mzima kuisoma.

Asubuhi ya leo nilipigia simu vyuo vyote vinne vinavyocheza kesho. Niliuliza kama wachezaji wamepimwa. Kimoja kimesema ndiyo. Kimoja kimesema watapima mwaka ujao. Viwili vilisema hawana habari na jambo hilo. Mimi sina utabiri. Wewe kocha, wewe mzazi, wewe unayelala chumba kimoja na mchezaji na unamsikia akihema kwa shida, bado una muda mpaka kesho saa tisa. Ukiona kitu, sema. Ukiambiwa nyamaza, sema tena. Na wewe uliye kama mimi, unayeletewa karatasi usome jambo unalojua si la kweli, fikiria ni nani atakayeanguka baada yako.

Kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa Wayua, kwa ukoo wa Nyamai kule Tulia, kwa wanafunzi wa darasa la tano, na kwa Mama Syokau wa Ikutha, ambaye sasa amefiwa mara mbili. Mungu ailaze roho ya Mwalimu Ndunge mahali pema.

Mazishi ni Jumanne, nyumbani kwake Matinyani, kuanzia saa nne asubuhi. Narudia, Jumanne, saa nne, Matinyani. Syokau atatoka Ikutha Jumatatu ili asichelewe. Wayua amenikubalia nihudhurie, kwa sharti moja, kwamba nisipewe nafasi ya kuongea. Nimekubali. Nitasimama nyuma.