Mchanga wa Baba Kwenye Buti

Shikamooni wazazi wangu. Vijana wenzangu, habari za jioni. Mnaniona nimeshika karatasi. Nimeiandika mara tano, na hii ya tano bado ina makosa, lakini mwenyekiti wa jumuiya ameninyang'anya kalamu. Nisameheni, nasoma hivi hivi.

Wengi wenu mlimfahamu baba. Alikuwa anabeba abiria kutoka hapa Ngara kwenda Biharamulo kwa lile gari dogo jeupe la difu ya nyuma, yaani matairi ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Masika, barabara ikigeuka tope, mkia wa gari ulikuwa unamtoka kwenye kona. Hakukanyaga breki. Aligeuza usukani kule kule mkia ulikokimbilia, akapunguza mafuta kidogo, gari likanyooka. Mimi nimekaa mbele, nina miaka tisa, naye anacheka kimoyomoyo na kusema, "Limetaka kwenda Burundi, nimeliambia bado."

Baba alifariki masika, na mlisaidia kumzika. Sitasimulia hayo. Nasimulia lililofuata, kwa sababu ndilo lililonifunga. Nilitaka kujua mikono yake ilikuwa inafanya nini. Kuendesha nilijua, leseni ninayo. Lakini kule kuteleza sikuwahi kumuuliza. Nilidhani muda upo.

Nikaanza kujifunza mwenyewe kwa video za simu. Wanaita kudrifti: unalitelezesha gari makusudi, linakwenda ubavu, nawe unalishika lisikuponyoke. Nilikwenda na gari lake kwenye uwanja mtupu kule Lukole, palipokuwa na kambi ya wakimbizi, ambapo siku hizi ni nyasi na mbuzi. Nikaweka ndoo katikati na kujipa sharti: niizunguke mzunguko mmoja kamili, mkia ukiwa nje muda wote. Mmoja tu. Nikiuweza, nitakuwa nimeshika alichokuwa anashika baba.

Gari likakataa. Nikikanyaga mafuta, linashika ardhi na kwenda mbele kama punda anayerudi nyumbani. Nikikanyaga zaidi, mkia unachomoka ghafla na kunizungusha mpaka natazama nilikotoka. Kila jaribio nililiandika kwenye daftari: mkono umechelewa, mguu mzito, macho chini. Kosa lilikuwa langu kila mara. Niliacha kwaya. Niliacha shamba. Mama akiniita kula nasema nakuja, na siji. Ndugu zangu, nawaambia, mtu anaweza kujificha mchana kweupe.

Mama akaniambia, "Tukimaliza kuvuna maharage, gari linauzwa. Nimezika mmoja. Sitaki kuzika wa pili, wa kutolewa kwenye mabati ya gari."

Basi nikaongeza mwendo. Siku moja mkia ulichomoka, nikageuza usukani upande usio wake, nikaingia kwenye migomba ya mama mmoja anayelima kando ya uwanja. Yupo hapa, msigeuke kumtazama. Nililaza migomba minne. Sikuumia. Nilibaki nimeshika usukani nikilia, kwa sababu nilijua gari limekwenda, na baba amekwenda nalo.

Mama yule akaja na panga mkononi. Nikasema, "Shikamoo mama." Ningesema nini kingine?

"Marahaba. Umekuja kuvuna?"

"Hapana, mama. Nilikuwa najifunza kuteleza."

"Kuteleza kunafundishwa? Sisi tunateleza bure." Akalizunguka gari, akatazama mkia ulivyoinama. "Buti lina nini?"

"Mchanga. Mifuko miwili. Ya baba."

Akaligonga buti kwa kiganja. Alikuwa abiria wa baba kila siku ya soko. "Baba yako aliuweka huo mchanga masika, gari lisiteleze na sisi tumo ndani. Kiangazi alikuwa anaushusha. Nimemsaidia kwa mikono hii. Wewe unataka kuteleza, na umebeba dawa ya kuzuia kuteleza. Halafu unamlaumu nani?"

Ndugu zangu, nilijua mchanga upo. Dereva yeyote wa njia zetu anajua kazi yake: uzito wa nyuma unashikisha matairi chini, na mkia mzito ukishatoka haurudi kirahisi. Lakini katika daftari langu lote sikuandika neno mchanga hata mara moja. Baba aliifunga mifuko ile kwenye buti kwa kamba ya katani, fundo lake mwenyewe. Sikutaka lifunguke.

Panga alikuwa nalo, lakini fundo hakulikata. Alisubiri nilifungue kwa vidole. Ilichukua muda. Tukashusha mfuko mmoja, tukashusha wa pili, kisha akanituma nikamwite mama yangu.

Mama alikuja amenuna. Nikaanza kuzunguka. Mara ya kwanza mkia ulinipita. Mara ya pili ulitoka taratibu, nikaufuata kwa usukani, nikapunguza mafuta kidogo, na gari likakaa ubavu huku vumbi likiifunika ndoo. Ikabaki robo ya mzunguko, likaniponyoka, nikaigonga ndoo. Lakini kabla ya hapo mikono yangu ilifanya jambo bila mimi kuituma, na niliitambua.

Nikashuka na kuanza kuomba radhi kwa ile robo. Mama alikuwa anajifuta macho kwa kanga, akasema ni vumbi. Kisha akasema, "Rudi uzunguke tena. Polepole, nimwone."

Maharage yalipokwisha, gari liliuzwa. Wakati mwingine nasikia mlio kama wake barabarani, nageuka.

Namshukuru mama wa migomba. Hakutaka malipo, alitaka nipande mingine minne, na nimepanda. Namshukuru mama yangu aliyeniambia nirudie. Nanyi wenzangu mnaojiandikia makosa kila siku, kabla ya kuandika lingine, fungueni buti kwanza mtazame mmebeba nini.

Mifuko ile iko nyumbani. Jumamosi tunajengea kaburi la baba. Saruji ipo, na mchanga ni ule ule. Atakayeweza kufika, aje na ndoo ya maji.