Protus Achar Obuya, Mrushaji wa Besiboli Aliyefariki kwa Jina Langu

Poleni nyote mliofika hapa makaburini Jeddah leo, tarehe 11 Desemba 2025, na pole Mama Risper, unayetusikiliza ukiwa Uriri kwa simu aliyoishika dada yangu Hannah. Mimi ni Noah Omolo Ojwang. Mama yangu na mama wa marehemu ni dada wa tumbo moja. Niliombwa nisome wasifu huu, na nitausoma wote hata pale unaponichoma, kwa sababu hadi mwezi uliopita kila karatasi ya kifo hiki ilikuwa na jina langu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1989 huko Uriri, kaunti ya Migori, akiwa kitinda mimba wa Mama Risper Akeyo na marehemu Mzee Obuya. Mimi nilimfuata kwa miezi mitano. Tulilala kitanda kimoja, tukavaa sweta moja kwa zamu, na tulifanana hivi kwamba mwalimu akitaka kumchapa mmoja alimchapa yule aliyekuwa karibu.

Alisoma shule ya msingi Uriri, kisha sekondari mjini Migori, alikomaliza mwaka 2007. Huko ndiko mwalimu mmoja wa mazoezi alikuja na gunia la glavu na mipira migumu, akatufundisha besiboli. Sisi wengine wote tuligombania gongo la kupigia mpira, maana gongo ndilo lenye sifa. Protus aliutaka mpira. Alirusha hadi giza, akarusha hata siku ya mtihani, na mwaka 2009 aliitwa timu ya taifa. Aliichezea miaka sita.

Tarehe 17 Agosti 2013 alifunga ndoa na Bi. Beldina Atieno katika kanisa Katoliki la kwao. Siku ya kwanza Beldina alipokuja uwanjani alimwona Protus amesimama peke yake katikati, mahali pa mrushaji, akamuuliza dada yangu, "Huyu amekosana na wenzake?" Jamani, tulicheka! Mungu aliwajalia watoto wawili, Victor na Maryann.

Timu ya taifa haikuwa na mshahara. Mwezi wa Mei 2016 alikuja hapa Jeddah kuwa dereva wa nyumba moja mtaa wa Al-Safa. Madam wa nyumba hiyo alikuwa mama mzee aliyeishi ghorofa ya pili, na miguu ilimsumbua. Kila asubuhi Protus alinunua mkate moto, akaufunga kwenye gazeti, akaurusha hadi mikononi mwa madam pale roshani. Kwa miaka minne haukuanguka hata mmoja. Yule mama akiita "Yalla!", yaani haya rusha, majirani walitoka kutazama. Alipofariki mwaka 2020, Protus alimlilia, nami, niliyekuwa nimeshamfuata Jeddah, nilimwona kwa macho yangu.

Watoto wa madam walimhamishia kwa kafili mwingine, yaani mwajiri mdhamini, huko Al-Naseem, Riyadh. Huko siku za Ijumaa alikwenda kutazama wageni wakicheza besiboli ndani ya makazi ya kampuni moja. Siku moja mrushaji wao aliumia, naye akaomba ajaribu. Hawakumwacha aondoke tena. Mwaka 2022 walimpa mkataba wa misimu miwili. Ndugu zangu, dereva wa nyumbani akawa mchezaji wa kulipwa! Tarehe 3 Februari 2023 aliwatoa wapigaji kumi na mmoja kwa mpira wake, na wenzake wakambeba mabegani. Alinitumia picha hiyo, nikaitangaza kila mahali bila kumuuliza, kwa majivuno yangu. Picha ikazunguka hadi kwa kafili, ambaye hakuwa na habari kwamba dereva wake analipwa na wengine. Akamripoti kuwa ni mtoro. Ikama yake, kile kibali cha kuishi huku, ikafa siku hiyohiyo, na timu haikuweza kumchezesha mtu asiye na karatasi. Hakunilaumu hata mara moja. Afadhali angenilaumu.

Alirudi Jeddah kuishi nami katika chumba changu Bani Malik, akiosha magari. Mwezi wa Januari mwaka huu bega la kulia lilianza kumuuma. Sote tulisema ni la kurusha. Nilimkanda kwa mafuta na maji moto miezi mitatu mizima, na kumbe ulikuwa uvimbe juu ya pafu. Hospitalini walidai ikama. Nikamtolea yangu, nikamwambia, "Shika, sisi kwa hawa watu ni sura moja." Akaniuliza, "Na nikifa?" Nikamwambia aache upuuzi. Ndivyo alivyotibiwa akiitwa Noah, akajifunza kuitikia. Tarehe 6 Septemba 2025, saa kumi alasiri, muuguzi alipiga simu akisema, "Noah amefariki." Mwenyewe nikajibu asante.

Kisha nikaogopa. Kwa serikali nilikuwa maiti: simu ikakatwa, kazi ya ulinzi ikaisha. Marafiki walinishauri tumzike hivyohivyo, halas, yaishe, maana kusema kweli ni jela. Wiki kumi na moja Protus alikaa kwenye baridi ya mochari kwa jina la mtu aliyekuwa akila na kulala. Beldina hakuweza kupewa cheti cha kifo cha mumewe, na mapadri walishindwa wamsomee misa nani. Kafili wa Riyadh naye alikataa kuweka sahihi ya kumsafirisha mtoro nyumbani. Ndipo Mama Risper alipoomba nipewe simu. Hakupiga kelele. Alisema, "Noah mwanangu, kama hawatamleta, sawa. Lakini dada yangu ana Noah wake na yu hai. Mimi nirudishie Protus wangu, hata jina tu."

Tarehe 23 Novemba nilikwenda kituoni, nikasema mimi ndiye Noah. Ofisa alinitazama, akatazama kompyuta, akanitazama tena. "Una hakika?" Nilimjibu kwamba sijawahi kuwa na hakika hivyo. Walinichukua alama za vidole mara tatu. Wamenipa ruhusa ya kuzika leo, na askari aliyesimama pale langoni ananisubiri. Kutoka hapa ninaingia kizuizini, na sijui ni kwa muda gani.

Marehemu ameacha mama, Risper Akeyo; mjane, Beldina; watoto, Victor na Maryann; dada wawili, Priscah na Miriam; na mimi. Kwenye ubao wa kaburi mtaona wino bado mbichi. Nimeuandika mwenyewe asubuhi ya leo, herufi kubwa, Protus Achar Obuya, na nawaomba asiuguse mtu hadi ukauke. Mama, umesikia? Ni yeye.

Apumzike kwa amani, na kwa jina lake.